Dawa ya majani huwahi ukungu, haiufukuzi

Shamba la kawaida la Sosiot lina tabia mbili. Upande mmoja ni chai iliyokatwa ikalingana juu, inayochumwa mara kwa mara na kupelekwa kituo cha kununulia majani, tayari kwa lori la kiwanda. Chai hiyo hainyunyizwi kitu. Mkulima huitilia mbolea, huipalilia, huipogoa, basi. Hatua chache kutoka hapo, nyuma ya jikoni, kuna nyanya, viazi, sukuma wiki na managu, na huko ndiko pampu ya mgongoni inakofanya kazi, pengine kila wiki mvua zikikolea. Mkulima ni mmoja, udongo mmoja, mvua ni ile ile. Zao moja linaishi miaka na miaka bila dawa, jingine halimalizi mwezi.

Chai ya Kenya ina bahati ambayo wengi hatuitambui. Huko India, Indonesia na Sri Lanka kuna ugonjwa wa malengelenge ya majani, unaoletwa na kuvu aitwaye Exobasidium vexans. Ulipofika Sri Lanka mwaka 1946 uliwalazimu wakulima kuingia kwenye chai na dawa za shaba. Afrika ugonjwa huo haujaonekana. Kuvu anayewaumiza kichwa watu wa Kericho hukaa ardhini: Armillaria, anayeishi kwenye visiki na mizizi ya miti ya msitu uliofyekwa kupisha chai, kisha akahamia kwenye mizizi ya michai na kuikausha mmoja baada ya mwingine. Watafiti wa chai hawakumpatia chupa ya kumwua. Walichofundisha ni kubandua gome la mti kuzunguka shina na kuuacha usimame mpaka wanga uliohifadhiwa mizizini uishe, ndipo ukatwe. Kuvu akija anakuta ghala tupu. Kazi hiyo yaweza kuchukua mwaka mzima na zaidi, wala haina pampu.

Naitaja kwa sababu inafaa kuikumbuka tunapogeukia zile nyanya za nyuma ya jikoni, ambako kila mtu anataka jibu kabla ya Jumamosi.

Viazi na nyanya vina adui wake, bakajani, ambayo wakulima wengi wa nyanda hizi huiita tu blaiti. Kimelea chake, Phytophthora infestans, ndicho kilichoangamiza viazi vya Ireland kuanzia mwaka 1845. Afrika Mashariki kilionekana mwaka 1941. Sosiot na vilima vyote vinavyoshuka kuelekea Bomet vinakipa kila kinachokitaka: ubaridi wa nyuzi 10 hadi 25, umande wa asubuhi, mvua ya alasiri, na majani yanayokaa na maji saa nyingi. Kwa macho kinafanana na kuvu, lakini kwa ukoo kiko karibu zaidi na mwani, na vijimbegu vyake huogelea katika utando mwembamba wa maji ulio juu ya jani. Hali ya hewa ikikipendeza, shamba lililokuwa kijani laweza kuwa jeusi ndani ya wiki mbili. Shangi, kiazi kinachopendwa sokoni kwa sababu huiva upesi jikoni, ni miongoni mwa vinavyoshikwa kwa urahisi.

Kwa hiyo mkulima huenda agroveti. Huko, kwa miaka mingi, poda iliyozoeleka kuliko zote imekuwa ya mankozebu, peke yake au ikichanganywa na kemikali nyingine. Dawa hiyo ni rahisi kupata na hufanya kazi. Mwishoni mwa 2020 Umoja wa Ulaya ulikataa kuiongezea idhini, kwa hofu ya madhara yake kwa uzazi na homoni za binadamu. Wakulima wa Kenya wanaouza mboga ng'ambo walikwisha kuonja makali ya Ulaya kabla ya hapo. Mwaka 2013 asilimia 10 ya shehena za maharagwe mabichi kutoka Kenya zilianza kupimwa bandarini na viwanjani, baada ya mabaki ya dawa ya wadudu iitwayo daimethoeti kukutwa yamepita kiwango. Mkulima wa Sosiot anayeuza nyanya zake kwenye soko la Kericho hapimwi na mtu. Yeye na watoto wake ndio wa kwanza kuzila.

Hapo ndipo mazungumzo ya dawa za mimea yanapoingia, na yakiingia huingia kwa kishindo. Kwenye simu kuna mapishi ya kila aina: kitunguu saumu, pilipili kali, tangawizi, majivu, mkojo wa ng'ombe, sabuni ya kipande, vyote ndoo moja, vilale usiku kucha, vichujwe, vinyunyizwe. Sina ugomvi na ndoo hiyo. Ugomvi wangu ni kwamba aliyechanganya vitu sita hawezi kujua ni kipi kilichomsaidia, wala kipi kilichomchoma majani.

Watu wa hapa wana sababu nzuri ya kuamini kwamba mmea unaweza kuzuia uozo. Wamelelewa na ushahidi huo. Mursik huandaliwa kwenye kibuyu kilichopakwa ndani makaa ya senetwet, kichaka cha maua ya manjano ambacho wataalamu hukiita Senna didymobotrya, na maziwa yale hukaa muda mrefu bila kuharibika. Watafiti wa vyuo vikuu vya Kenya wamechukua majani, mizizi na magome ya senetwet, wakakamua dondoo zake na kuzijaribu maabarani dhidi ya bakteria na kuvu, na baadhi zilizuia vimelea kukua. Ni habari njema. Haimaanishi kwamba ukichemsha majani ya senetwet ukanyunyizia viazi, bakajani itakoma. Kati ya kisahani cha maabara na shamba lenye mvua kila alasiri kuna safari ndefu, na dondoo nyingi hufia njiani.

Zinafia wapi? Mara nyingi kwenye maji. Maabarani mtafiti hukamua mmea kwa spiriti, methanoli au ethanoli, kwa sababu viungo vingi vinavyoua kuvu ni vya mafuta na haviyeyuki vizuri katika maji. Mkulima hana methanoli, ana mtungi wa maji ya mto. Anaweza kuwa na mmea ule ule ulioandikwa kwenye gazeti la kisayansi, akaulowesha siku mbili, akapata maji ya kijani yenye harufu kali na nguvu ndogo. Sabuni kidogo husaidia, na hapa wazee waliokuwa wakiitia kwenye ndoo bila kuulizwa walikuwa na hoja: hubeba mafuta ya mmea kuyaingiza majini, kisha huyashikisha kwenye jani. Gramu 10 za sabuni kwa lita 10 za maji zinatosha. Ikizidi, sabuni yenyewe huunguza majani machanga.

Mfano ninaouheshimu zaidi katika habari hii yote ni kitunguu saumu, kwa sababu namna kinavyofanya kazi inajulikana. Punje nzima haina harufu kali wala nguvu. Ukiiponda, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa ndani ya seli hukutana na kiungo kingine kiitwacho aliini, na papo hapo huzaliwa alisini, ile harufu inayokuchoma pua. Alisini huvuruga protini za kimelea. Katika Chuo Kikuu cha Aachen, Ujerumani, watafiti wakiongozwa na Alan Slusarenko waliijaribu dhidi ya bakajani ya nyanya na ukungu wa matango, na katika majaribio yao ugonjwa ulipungua kwa kiasi cha kuonekana. Lakini alisini haikai. Inavunjika, inapaa, inaishiwa nguvu. Maji ya kitunguu saumu yaliyowekwa kwenye chupa tangu wiki iliyopita ni harufu tu. Yanayofaa ni ya leo, yaliyopondwa leo, na mvua ikinyesha jioni ile kazi imerudi mwanzo.

Kuna kundi la pili la dondoo ambalo haliui chochote. Ipo dawa iliyotengenezwa kwa mmea uitwao Reynoutria, na kinachotokea ni kwamba jani lililonyunyiziwa huamka na kuanza kujitengenezea kinga, likawa tayari ukungu wa unga utakapofika. Nayo Equisetum, mmea wa kandokando ya maji wenye vipingili, iliidhinishwa na Umoja wa Ulaya mwaka 2014 kama dawa ya ukungu, ikiwa ya kwanza katika orodha ya vitu vya kawaida vinavyoruhusiwa shambani bila masharti mazito ya kemikali za viwandani. Maji yake huchemshwa karibu kama mtu anavyochemsha chai.

Ukiyapanga haya pamoja unaona mstari mmoja. Kitunguu saumu kinataka kikikute kimelea juu ya jani, kabla hakijapenya. Reynoutria inataka jani lililo zima, lenye siku kadhaa za kujiandaa. Hakuna hata kimoja kinachoingia ndani ya shina na kumfuata adui huko, kama zifanyavyo baadhi ya kemikali za dukani. Mkulima anayengoja madoa meusi ndipo aende kuchuma majani ya kuponda ameshachelewa, na atarudi akisema dawa ya asili ni uongo. Dawa haikusema uongo. Iliitwa mazishini.

Kuwahi maana yake ni kuanza viazi vikiwa na majani machache tu, mvua kubwa ikiwa bado inatishia. Maana yake pia ni kurudia kila wiki, na kurudia tena mvua ikisafisha. Na hapo linazuka jambo ambalo mapishi ya kwenye simu hayaligusi: uzito.

Kipimo kinachotumiwa sana katika majaribio ya shambani ya Afrika Mashariki na Kusini ni kilo 1 ya majani makavu yaliyosagwa kwa lita 10 za maji. Pampu ya mgongoni ya lita 20 inataka kilo 2. Ekari moja ya viazi vilivyokwisha kufunika ardhi inahitaji lita 200 hivi, yaani kilo 20 za majani makavu. Jani bichi likikauka hubaki takribani moja ya tano ya uzito wake, kwa hiyo unazungumzia karibu kilo 100 za majani mabichi ya kuchuma, kubeba, kuanika mahali penye kivuli katika nchi ambako mvua haikatiki, na kutwanga. Kila wiki. Kwa miezi mitatu. Na katika boma nyingi za hapa anayechuma, kubeba na kutwanga ni mama au binti, baada ya kutoka kuchuma chai. Ninaposikia mtaalamu akisema dawa za mimea hazigharimu kitu, huwa najiuliza ni nani aliyemsagia.

Hesabu hiyo haiui hoja, inaiweka mahali pake. Bustani ya robo ekari au chini ya hapo, vitanda vya sukuma, nyanya mia mbili chini ya paa la plastiki, kitalu cha miche: huko kilo 5 kwa wiki, au pungufu, zinawezekana. Shamba la ekari tatu za viazi kule Bomet ni habari nyingine.

Mmea wa kuchuma hauhitaji kutafutwa mbali. Ua wa mashamba mengi ya Kericho umepandwa alizeti mwitu, Tithonia diversifolia, yenye maua ya manjano na majani machungu ambayo ng'ombe huyapita. Watafiti wa kilimo mseto waliofanya kazi magharibi mwa Kenya katika miaka ya 1990 walipima majani yake wakakuta nitrojeni ya takribani asilimia 3.5 na potasiamu ya asilimia 4 hivi, kiwango kinachoshindana na samadi nzuri. Baadaye, watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha na wenzao wa Chuo Kikuu cha Greenwich walinyunyizia maharagwe maji ya Tithonia, utupa na magugu mengine. Wadudu waharibifu walipungua, wadudu wema kama buibui na wadudu-kibibi walibaki kwa wingi zaidi kuliko palipotumika kemikali, na mavuno yalikaribiana. Walipoendelea kuchunguza walibaini jambo la ziada: sehemu ya ongezeko la mavuno ilitokana na jani kulishwa, kwa sababu yale maji ni mbolea pia. Mmea ulioshiba huhimili ugonjwa vizuri zaidi. Mkulima anayeona viazi vyake vimenawiri baada ya kunyunyizia Tithonia huenda anaona kazi ya nitrojeni na kuisifu kama kazi ya dawa. Kwake yeye yote ni faida. Kwa anayetaka kujua kama bakajani imezuiwa, ni mtego.

Utupa ndio unaonipeleka kwenye onyo. Ni kichaka kinachofahamika kote Afrika Mashariki; hutumiwa kuvulia samaki kwa kuwalewesha, na wakulima wengi wa Kenya hukipanda kando ya shamba kufukuza fuko. Nguvu yake ni rotenoni. Ulaya iliiondoa rotenoni kwenye orodha ya dawa zinazoruhusiwa mwaka 2008, na tafiti zimeihusisha na ugonjwa wa Parkinson kwa watu walioitumia kazini. Ikimwagika mtoni inaua samaki, mto ule ule unaonywesha ng'ombe. Tena si kila utupa una nguvu. Wakemia walipoichunguza mimea ya mashamba ya Malawi waligundua aina mbili zinazofanana kabisa kwa macho, moja ikiwa na rotenoni na nyingine haina, na takribani robo ya wakulima walikuwa wakitwanga ile isiyo na kitu. Kwa hiyo mimea miwili ya jina moja, katika maboma mawili ya jirani, yaweza kuwa sumu kwa huyu na maji matupu kwa yule.

Tumbaku ni mbaya zaidi, hasa kwa nyanya. Nikotini hupenya ngozi ya mnyunyiziaji. Hilo watu wengi hulijua. Wachache wanajua kwamba jani la tumbaku, hata likiwa limekauka na kusokotwa, laweza kubeba virusi vya batobato vya tumbaku, ambavyo hushambulia nyanya na pilipili hoho. Ni virusi vya kwanza kabisa kutambuliwa na sayansi, mwishoni mwa karne ya 19, na ni vigumu mno kufa. Mtu anaweza kuloweka tumbaku kutibu nyanya akazipelekea maradhi ambayo hayana dawa yoyote duniani, ya kiwandani wala ya msituni.

Na maradhi yasiyo na dawa tumeyaona karibu. Septemba 2011 mahindi ya Longisa, katika Kaunti ya Bomet, yalianza kugeuka manjano kutoka majani ya juu na kukauka kabla gunzi halijajaa. Hapo ndipo ugonjwa hatari wa mahindi, unaotokana na virusi viwili vinavyokutana ndani ya mmea mmoja, ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza Afrika Mashariki, na kutoka hapo ukaenea hadi Tanzania, Uganda, Rwanda na Ethiopia. Watu walijaribu kila kitu. Kilichosaidia ni kupumzisha mahindi msimu mmoja, kupanda viazi au maharagwe mahali pake, kung'oa mimea iliyoathirika, na hatimaye mbegu zinazostahimili. Mnyauko wa bakteria unaoangusha nyanya za kwenye vibanda vya plastiki uko katika kundi hilo hilo: bakteria wako ndani ya shina na udongoni, na hakuna maji ya majani yatakayowafikia huko. Anayekuuzia dondoo ya kutibu mnyauko anakuuzia maji.

Kuuza kwenyewe kuna sheria. Bodi ya Kudhibiti Dawa za Wadudu na Magonjwa ya Mimea, PCPB, haitofautishi kati ya kiwanda cha Uswisi na mama mwenye chupa sokoni: dawa ya mimea inayouzwa kwa umma lazima isajiliwe, na usajili unataka majaribio ya shambani. Wapo wanaoliona hilo kuwa kuwaonea wadogo. Mimi naliona kuwa ndilo pengo ambalo vyuo vyetu vingeliziba. Kericho ina Chuo Kikuu cha Kabianga, ina kituo cha utafiti wa chai cha Timbilil, na ina wakulima wanaojua ni kichaka kipi ng'ombe hagusi.

Tukichelewa, wengine hawatachelewa. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa kampuni ya Marekani W. R. Grace, pamoja na wizara ya kilimo ya nchi hiyo, haki ya kumiliki namna ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuzuia kuvu kwenye mimea. Vandana Shiva wa India na wenzake walipinga, wakaleta shahidi aliyeonyesha kwamba mafuta hayo yalikuwa yakitumika hivyo India muda mrefu kabla. Hataza ilifutwa mwaka 2000, na rufaa ikatupwa mwaka 2005. Ilichukua zaidi ya miaka 10 kuthibitisha kwamba maarifa ya mkulima ni maarifa. Mwarobaini wenyewe, kwa njia, hauna raha na baridi ya Sosiot. Mafuta yake huku hutoka Pwani na nyanda za joto.

Anayetaka kuanza msimu huu asisubiri chuo. Achague mmea mmoja tu, aupime kwa mizani, aandike kipimo na tarehe. Anyunyizie asubuhi umande ukishakauka, akiwa amevaa glavu na amefunika pua, na aanze kabla ya doa la kwanza. Na katikati ya kitanda aache mistari miwili bila kunyunyizia chochote, hata kama majirani watamcheka. Mvua za Aprili zikishapita atahesabu majani yenye madoa huku na huku, na vipimo vyake vitamfaa msimu ujao kuliko video yoyote, hata kama mistari ile miwili itakuwa imependeza kuliko mingine.